Comic Sans: mwandiko unaocheka, na mahali pake

Juma hili tunazungumza juu ya sura ya herufi zinazoandikwa katika karatasi zetu. Pengine mama mmoja atasema: "Herufi ni herufi, muhimu ni maneno." Tusubiri kidogo. Kikundi kinapochapisha tangazo la mkutano, orodha ya likelemba, mwaliko wa ndoa au karatasi ya siku ya kupima watoto uzito, kinachagua pia sura ya herufi, hata kama ni kijana wa sekretariati aliyechagua bila kuuliza mtu. Sura hiyo inaweza kumsaidia msomaji, inaweza kumchosha, na mara nyingine inaweza kumwumiza moyo.

Kuna sura moja ambayo nyote mnaijua, hata yule ambaye hajagusa kompyuta. Mtaiona ukutani katika darasa la mwaka wa kwanza, katika mwaliko wa sikukuu ya kuzaliwa kwa mtoto, katika kibao cha malewa, katika tangazo la kuuza maandazi. Herufi zake ni za mviringo, nene kidogo, hazikusimama sawasawa kama askari, na zinafanana na mwandiko wa mtoto mwenye bidii aliyeshika kalamu nene ya rangi. Jina lake ni Comic Sans.

Neno moja kwanza, tusipotezane. Kompyuta zetu nyingi zinasema Kifaransa, na sanduku dogo la kuchagulia sura ya herufi limeandikwa "Police". Ndiyo maana vijana wa sekretariati wanasema "tubadilishe polisi", na mama anayengoja karatasi yake kwenye benchi anaweza kushtuka akitafuta mlango wa kutokea. Si polisi wa barabarani, mama. Ni aina ya herufi tu. Hapa tutasema "mwandiko", neno tunalolijua tangu tulipokuwa tukipigwa rula kwa sababu ya mwandiko mbaya.

Ulizaliwa kwa ajili ya mbwa

Mwaka 1994, katika kampuni ya Microsoft huko Marekani, kulikuwa na mtu aitwaye Vincent Connare. Kazi yake ilikuwa kutengeneza miandiko ya kompyuta. Siku moja akaonyeshwa programu mpya, Microsoft Bob, iliyokuwa ikitayarishwa ili kompyuta isiwatishe watu wa nyumbani na watoto. Ndani yake mlikuwa na picha ya mbwa wa katuni aitwaye Rover, ambaye alimwelekeza mtu afanye nini. Maneno ya mbwa yaliandikwa ndani ya puto, kama tunavyoona katika katuni.

Lakini maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwa Times New Roman. Huo ni mwandiko uliotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, na gazeti lilianza kuutumia mwaka 1932. Ndio ule wenye herufi zenye miguu midogo pembeni, ambao mpaka leo tunauona katika barua nyingi za ofisi. Connare akaona hapo kuna kitu hakipatani. Mbwa wa katuni anasema kwa sauti ya hakimu!

Akachukua vitabu vya katuni alivyokuwa navyo ofisini, The Dark Knight Returns na Watchmen, akatazama namna maneno ya ndani ya puto yalivyochorwa kwa mkono. Sisi pia tunajua katuni za namna hiyo. Kongo ina wachoraji wake wa katuni, kama Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, na watoto wetu wanapozisoma wanajua upesi kwamba puto ni kinywa cha mtu. Herufi iliyochorwa kwa mkono inawafanya wasikie sauti ya yule anayesema. Connare alitaka kompyuta nayo iwe na herufi ya namna hiyo, inayosikika kama mtu anaongea.

Mwandiko wake haukuingia ndani ya Bob, kwa sababu herufi zilikuwa kubwa kuliko nafasi zilizokuwa zimekwisha pimwa. Bob yenyewe ilitoka mwaka 1995 na haikudumu. Lakini mwandiko ulitumika katika programu nyingine ya watoto, ya kutengeneza filamu za katuni, kisha ukatiwa katika nyongeza ya Windows 95. Tangu hapo ukasafiri pamoja na kompyuta dunia nzima, mpaka katika vyumba vidogo vya sekretariati vya miji yetu, penye jenereta nje na mashini ya fotokopi mlangoni.

Jina nalo lina maana. "Comic" ni kwa sababu ya katuni. "Sans" ni neno la Kifaransa ambalo mnalijua: bila. Bila nini? Bila ile miguu midogo ya Times New Roman. Basi jina lote linasema: mwandiko wa katuni usio na miguu.

Tabia yake

Mtazame kama mnavyotazama kitenge sokoni kabla ya kulipa.

Mstari wake una unene karibu ule ule toka juu hadi chini, kama mstari wa kalamu moja. Ncha za herufi ni za mviringo, hazina makali. Herufi hazikunyooka kabisa. Nyingine inainama kidogo, nyingine inafungua kinywa. Ukiziona pamoja unapata habari ya mtu mchangamfu ambaye hana haraka na hataki kukutisha.

Sasa angalieni herufi ndogo "a". Katika vitabu na magazeti mengi, "a" imeandikwa na kofia inayopinda juu ya tumbo. Katika Comic Sans haina kofia. Ni mviringo na kijiti pembeni, kama ile ambayo mwalimu anaiandika ubaoni na mtoto anaiandika daftarini.

Angalieni pia herufi kubwa "I" na herufi ndogo "l". Chukueni jina Ilunga. Katika mwandiko wa Arial, ambao uko katika kompyuta nyingi, jina hilo linaanza na vijiti viwili vinavyosimama, na mtoto hajui kipi ni kipi. Katika Comic Sans, "I" kubwa ina kibao juu na kibao chini, na "l" ndogo ni kijiti kitupu. Mtoto anaanza kusoma jina lake bila kukwama.

Kwa hiyo mwandiko huu si wa kuchekesha tu. Ndani ya kicheko chake kuna msaada fulani.

Darasani

Ninafundisha, na nasema hili kama mwalimu. Mtoto wa mwaka wa kwanza ana kazi nyingi kwa wakati mmoja. Anajifunza sauti, anajifunza umbo, anajifunza kushika kalamu. Tukimpa kila siku "a" ya ubaoni na kesho "a" yenye kofia katika karatasi, tunamwongezea mzigo. Mtoto mwepesi ataubeba. Mwingine atanyamaza, na nyumbani mtasema ni mvivu.

Ndiyo maana walimu wengi wa madarasa madogo, katika nchi nyingi, wanapenda Comic Sans kwa kadi za kusomea, majina ya watoto kwenye meza na karatasi za mazoezi. Na kuna watoto wengine ambao akili yao ni nzima kabisa, wanahesabu vizuri, wanasimulia vizuri, lakini herufi zinawasumbua sana. Wataalamu wanaita shida hiyo disleksia. Huko Uingereza kuna chama kinachowahudumia watu wa namna hiyo, British Dyslexia Association, na katika mashauri yake juu ya karatasi za kusoma kinautaja Comic Sans pamoja na Arial, Verdana, Tahoma na Century Gothic.

Tusikie vizuri lakini. Mwandiko hauponyi mtoto, na Comic Sans si dawa. Chama hicho hicho kinashauri mambo mengine ambayo yana faida kwa msomaji yeyote: herufi za ukubwa wa 12 hadi 14, nafasi ya kutosha kati ya mistari, maneno yasilazwe upande, yasipigiwe mistari chini, na sentensi nzima isiandikwe kwa herufi kubwa peke yake. Mashauri haya tunaweza kuyafuata hata kesho, na hayaongezi bei ya karatasi.

Kwa nini wengine waliukataa

Mwandiko uliopendwa hivyo ulipata pia maadui. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Marekani, katika mji wa Indianapolis, wachoraji wawili, Holly na Dave Combs, waliagizwa kuutumia katika kazi ya maonyesho ya jumba la watoto. Hawakuupenda, na wakaanzisha kampeni ya kudai upigwe marufuku. Watu wengi duniani waliwafuata, wengine kwa mzaha, wengine kwa hasira ya kweli.

Hoja yao ilikuwa na uzito. Mwandiko uliotengenezwa kwa puto la mbwa ulikuwa umeingia kila mahali: matangazo ya hatari, barua za ofisi, mambo ya huzuni. Maneno yanasema kitu kimoja na sura ya herufi inasema kingine.

Mwaka 2010, mchezaji wa mpira wa kikapu LeBron James aliiacha timu ya Cleveland akaenda Miami. Mwenye timu, Dan Gilbert, aliandika barua ya hasira kali kwa mashabiki, na barua hiyo ilikuwa kwa Comic Sans. Watu walicheka kuliko walivyosikia uchungu wake. Hasira yake ilivaa nguo za sikukuu ya mtoto.

Mwaka 2012, tarehe 4 Julai, wataalamu wa CERN, kituo kikubwa cha utafiti karibu na Genève, walitangaza kwamba wameona chembe ambayo wataalamu walikuwa wameitabiri tangu miaka ya 1960, ile inayoitwa bozoni ya Higgs. Mmoja wa waliosimama kutoa habari hiyo alikuwa mwanamke, Fabiola Gianotti wa Italia. Picha alizoonyesha ukutani zilikuwa na maneno ya Comic Sans. Siku ile, kwenye intaneti, watu wengi walianza kubishana juu ya herufi zake badala ya kazi ya miaka mingi ya maelfu ya watu. Hawakumzuia kusonga mbele: mwaka 2016 alikuwa mwanamke wa kwanza kukiongoza kituo hicho.

Nimeyatoa mambo haya mawili kwa sababu mbili. Ya kwanza: mwanamke mwenye elimu ya juu kabisa alichekwa kwa ajili ya herufi, basi mama wa kikundi asione haya akichekwa na mtu wa mjini kwa sababu hiyo. Ya pili: ukitaka watu washike neno lako, usiwape kitu kingine cha kuzungumza.

Na kuna jambo ambalo ni zito kuliko kicheko. Katika mtaa mmoja niliona tangazo la msiba wa mama, limebandikwa ukutani. Lilikuwa lote kwa Comic Sans, na maua ya rangi pembeni. Aliyeliandika alitaka lipendeze, hakuwa na nia mbaya. Binti wa marehemu alisimama mbele yake kwa muda, kisha akauliza polepole: "Hapa nani anacheka?" Wamama wawili wakabandua karatasi, wakaiandika upya kwa mkono.

Dada zake wenye mapambo mengi

Katika kompyuta hizo hizo kuna miandiko mingine ya kufurahisha iliyojipamba kuliko Comic Sans. Nitataja miwili ambayo mtaitambua.

Mmoja unaitwa Curlz. Ulichorwa mwaka 1995 na Carl Crossgrove na Steve Matteson. Mistari yake ni myembamba na karibu kila ncha imejikunja kama nywele zilizotoka kwa msusi. Mwingine unaitwa Jokerman, wa mchoraji Andrew Smith, wa mwaka 1995 vilevile. Huo una madoadoa, mizunguko na mistari ya ziada ndani na nje ya herufi, kama kitenge cha siku ya harusi.

Miandiko hiyo ilifanywa kwa maneno machache makubwa: jina la mtoto juu ya keki, neno "Karibuni" mlangoni, jina la saluni. Huko inapendeza kweli. Neno moja lililojipamba jicho linalitazama kama picha, na haliwi mzigo. Lakini ukiandika ukurasa mzima kwa Curlz, ni kama kuvaa vitenge vinne vya maua tofauti, kilemba, shanga na bangili zote kwa wakati mmoja, kisha uende shambani. Jicho halijui litue wapi.

Hapo ndipo Comic Sans unatofautiana na dada zake. Wenyewe unaweza kubeba sentensi kadhaa, hata hadithi fupi ya watoto. Wale wengine waishie kwenye kichwa cha karatasi.

Karatasi iliyompoteza mama njia

Tusidhani haya ni mambo ya urembo tu. Mama mmoja wa kikundi jirani alishuka kutoka mlimani alfajiri, mtoto mgongoni, kumpeleka kwenye chanjo. Karatasi ya matangazo ilikuwa imeandikwa na mtu wa kujitolea, yote kwa mwandiko wa kujikunja, ili ionekane nzuri. Kisha ikapigwa fotokopi, na fotokopi ikapigwa fotokopi tena, kwa maana karatasi ya kwanza ilibaki kwa mwenyekiti. Tarehe 16 ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu nyembamba. Katika nakala ya tatu mkia wa juu wa 6 ulikuwa umepotea, na mama akasoma 10. Alikuta mlango umefungwa. Alipoteza siku ya soko, na mtoto alirudi bila chanjo.

Mama huyo anajua kusoma. Alifika mwaka wa nne wa shule ya msingi, na kila juma anasoma orodha ya likelemba. Karatasi ndiyo iliyoshindwa kumwambia.

Fikirini ni nani wanaosoma karatasi zetu. Kuna mama aliyeacha masomo mapema na anasoma polepole, herufi kwa herufi. Kuna nyanya ambaye macho yamechoka na hana miwani. Kuna mtoto wa mwaka wa tatu anayemsomea mama yake kwa mwanga wa simu. Kuna yule anayesoma amesimama, na mzigo kichwani, karatasi iko juu ukutani. Hawa ndio wenye karatasi. Tukiwaandikia, tuanze na macho yao.

Tuuweke wapi?

Sioni sababu ya kumfukuza Comic Sans katika vikundi vyetu, na sioni sababu ya kumwachia nyumba nzima. Ni kama shangazi mcheshi: kwenye sikukuu ya mtoto ndiye tunayemtafuta kwanza, lakini siku ya kugawa urithi tunamwomba akae kidogo.

Mnaweza kuutumia bila wasiwasi katika:

– kadi za kusomea na majina ya watoto wadogo darasani;
– mwaliko wa sikukuu ya kuzaliwa, ya Noeli ya watoto, ya mwisho wa mwaka wa masomo;
– kichwa cha tangazo la maandazi, juisi, ushonaji au malewa;
– hadithi fupi, vitendawili na michezo katika karatasi ya watoto;
– karatasi ya kumkaribisha mama mpya katika kikundi.

Msiutumie katika:

– tangazo la msiba au la matanga;
– karatasi ya deni, hati ya mapatano, risiti na sheria za kikundi;
– barua kwa komine, kwa mkuu wa masomo au kwa daktari;
– maelezo ya dawa: kiasi gani, mara ngapi kwa siku;
– malalamiko mazito, kwa mfano ya mama aliyepigwa au binti aliyedhulumiwa.

Hilo la mwisho nalisema kwa nguvu. Mara nyingi mwanamke anapopeleka malalamiko, kuna mtu mezani ambaye tayari anatafuta sababu ya kutoyachukua kwa uzito. Tusimpe sababu hiyo kwa herufi. Barua ya namna hiyo iandikwe kwa Times New Roman au Arial, kwa mistari iliyo wazi, bila maua, bila rangi.

Na katika karatasi ya mchanganyiko, yenye furaha na habari ndani yake, gawanyeni kazi. Kichwa kicheke, habari isimame wima. Kwa mfano tangazo la sikukuu ya akina mama ya tarehe 8 Machi: "Wamama, karibuni!" inaweza kuandikwa kwa Comic Sans au hata Curlz, kubwa, juu. Lakini siku, saa, mahali na mchango ziandikwe kwa mwandiko mnyofu, mnene kidogo. Miandiko miwili katika karatasi moja inatosha. Mitatu ni kelele.

Ukifika kwa sekretariati

Kijana wa sekretariati anajua kompyuta, lakini hawajui wasomaji wako. Wewe ndiwe unayewajua. Usikae kwenye benchi ukingoja tu. Ingia, simama karibu na kioo, mweleze. Haya ndiyo ya kumwambia:

1. "Kichwa kiwe kwa mwandiko huu, maneno mengine kwa Arial au Times." Mwambie akuonyeshe kwenye kioo kabla ya kuchapa.

2. "Ukubwa usiwe chini ya 12. Kama ni karatasi ya ukutani, iwe kubwa zaidi sana."

3. "Usiandike sentensi zote kwa herufi kubwa." Watu wengi wanadhani herufi kubwa ni rahisi kusoma. Kwa neno moja, sawa. Kwa mistari mitano, maneno yote yanakuwa na umbo la matofali, na msomaji wa polepole anachoka.

4. "Tarehe iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno." Yaani: Jumanne tarehe 16, kumi na sita. Na fedha vilevile: faranga 5 000, elfu tano. Kama mkia wa tarakimu umepotea katika fotokopi, neno litabaki.

5. "Karatasi ya kwanza nibaki nayo." Fotokopi zote zitoke katika hiyo ya kwanza, zisitoke katika fotokopi nyingine.

Kabla ya kuzigawa, fanyeni jaribio ambalo halina gharama. Bandikeni karatasi moja ukutani. Mwiteni mtoto wa mwaka wa nne na nyanya mmoja. Wasimame hatua tano mbali. Mtoto asome kwa sauti, nyanya aseme amesikia nini na ameona nini: ni siku gani, saa ngapi, wapi, kiasi gani. Wakikwama mahali pamoja, tatizo liko hapo. Rekebisheni.

Na kama hakuna umeme, au fedha ya sekretariati haijapatikana? Mkono upo. Herufi zote hizi zilianzia katika mkono wa mtu. Chukueni kalamu nene, pigeni mistari ya penseli kwanza ili maneno yasipande mlima, andikeni "a" kama ya ubaoni, acheni nafasi kati ya maneno. Binti aliye na mwandiko mzuri apewe kichwa akipambe anavyotaka. Sehemu ya tarehe na fedha apewe mama mwenye mkono mtulivu.

Ya kuzungumza katika kikundi

Katika mkutano ujao, kila mama alete karatasi moja kutoka nyumbani: mwaliko, risiti, karatasi ya masomo, tangazo, chochote. Zitandazeni juu ya mkeka, kisha muulizane:

– Bila kusoma maneno, kwa kutazama sura ya herufi tu, karatasi hii inacheka, inaamuru, inalia au inanong'ona? Kisha someni. Je, maneno na sura vinapatana?

– Ni karatasi ipi iliyotusumbua kusoma mwaka huu, na ilitugharimu nini?

– Orodha yetu ya likelemba: mama aliyejiunga juzi anaweza kuisoma peke yake na kujua zamu yake na kiasi chake, bila kumwuliza katibu?

Swali hilo la tatu msilipite upesi. Mama anayeweza kujisomea mwenyewe zamu yake na fedha yake hahitaji kuamini kinywa cha mtu mwingine. Kama orodha yenu inamfanya aulize kila mara, iandikeni upya kabla ya zamu inayofuata.